Hapakuwa na Mkono wa Mtu

Zilpah Aoko alipoolewa kwenye boma lililo juu ya mteremko wa Kendu Bay, mumewe Nicanor alikuwa mtu wa miguu. Alikuwa msimamizi wa kilimo, na kazi yake ilikuwa kupita shamba kwa shamba akiangalia pamba za watu na matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mashamba hayaendi kwa mtu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeyaendea. Alitoka na umande na kurudi jua likishuka, suruali imejaa vishonanguo hadi magotini, akala ugali wake kwa njaa ya kweli na kulala kama gogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka.

Ndugu yake mdogo, Walter, alijenga upande wa pili wa boma hilo hilo, akaoa msichana wa Kikuria kutoka karibu na mpaka wa Tanganyika. Jina lake lilikuwa Mellen. Watu waliguna. Walisema wasichana hawakuisha Ujaluoni hata mtu afuate mke milimani kwa watu wengine. Mellen alifika hajui Kijaluo hata cha kuombea chumvi, na Zilpah hakujua neno la Kikuria, basi wakazungumza Kiswahili, kile cha sokoni. Hata baadaye, Mellen alipokimudu Kijaluo barabara, wawili hao waliendelea na Kiswahili chao, maana kilikuwa chao peke yao pale bomani. Walikwenda pamoja kuuza samaki wakavu Oyugis, njia ya kupanda tu, vikapu kichwani, na walipofika sokoni walikuwa bado na pumzi ya kubishana na wateja. Gisiri, mtoto wa kwanza wa Mellen, alinyonya kwa mama zake wote wawili, kwa kuwa Zilpah naye wakati huo alikuwa na mtoto kifuani.

Kisha Nicanor akapandishwa cheo. Korti ya wenyeji ilihitaji karani anayejua kuandika sawasawa, naye akachukuliwa. Akapata meza, kiti na kivuli. Asubuhi gari lilimchukua pale barabarani, na jioni likamrudisha pale pale. Nyumbani alipofika alivuliwa viatu, akaletewa maji alipokaa, na nyama yenye mafuta haikukosekana mezani. Sigara alizojifunza kwa makarani wenzake hazikutoka tena mdomoni. Mwili ukaongezeka. Kitambi kilipoanza kumtangulia njiani, watu walimsifu. "Korti imekupenda," walimwambia, naye alijipapasa tumbo akacheka. Zilpah pia aliona fahari, kwa kuwa mume akinenepa, anayesifiwa ni mke.

Kitu kimoja alikiona asikielewe. Nicanor alipopanda kutoka barabarani kwenda nyumbani, alizoea sasa kusimama katikati ya mteremko, mikono kiunoni, akilitazama ziwa. Mtu ambaye zamani aliupanda mlima ule akipiga mluzi. Zilpah alidhani anawaza kesi zake.

Mwaka uliofuata uhuru, Nicanor alianza kulalamika kwamba kifua kinamuwaka. Akasema ni kiungulia, akanywa maji ya magadi. Asubuhi moja Mellen alisikia maneno hayo, akamletea kibuyu cha maziwa ya mgando yapoze tumbo. Nicanor akanywa, akashukuru. Alasiri ya siku hiyo ng'ombe mmoja aliingia kwenye mahindi, naye akaondoka kitini kumkimbiza. Alimtoa. Aliporudi alikuwa amelowa jasho, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na mkono wa kulia umeushika mkono wa kushoto.

"Zilpah," alisema, "kuna mtu amenikalia kifuani."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Kabla gari halijapatikana, alikuwa ameshakata roho.

Katika msiba huo watu hawakulia tu, waliuliza pia. Mtu wa miaka hamsini na kidogo, mnene, mwenye afya, ameanguka vipi mchana kweupe? Na maneno yale yakapita kutoka mdomo hadi mdomo: kuna mtu amenikalia kifuani. Mtu gani? Alikula nini siku hiyo? Alikunywa kwa nani? Jioni ya pili jina la Mellen lilikuwa limeshatajwa, kwanza kwa minong'ono kule walikopikia, halafu kwa sauti chini ya turubai walipokaa wanaume. Wakasema Wakuria wana dawa zao. Wakasema kifo hiki kina mkono wa mtu.

Cephas, mtoto mkubwa wa Zilpah, alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa ofisi ya serikali huko Homa Bay. Alikuwa msomi wa familia, na wengi walimtazama aseme neno. Hakusema. Mellen alipokuja kukaa kwenye mkeka alipoketi mfiwa, amshike mkono, Zilpah aliinuka taratibu, akaenda kukaa kona nyingine ya nyumba. Hakumtukana wala hakumfukuza. Lakini kila aliyekuwa mle ndani aliona, na waliosubiri kuona hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walimwita Walter wakamwambia amrudishe mke huyo kwao. Walter akasikiliza mpaka mwisho. "Kama anarudi, narudi naye," akasema. Wakafunga vyombo, wakashika njia ya Migori na watoto wao, na nyumba yao ikaanza kuporomoka kwa mvua.

Zilpah akabaki mjane. Cephas alikuwa mtoto mwema, na aliamua kwamba mama yake ametaabika vya kutosha. Akamjengea nyumba ya mabati, akamnunulia kiti cha mito, akaleta msichana wa ukoo wa kupika na kuteka maji. Mama yake alipogusa kikapu cha samaki, Cephas alikichukua mikononi mwake.

"Watu watasema nini, Mama? Kwamba mtoto wako ana kazi ya serikali na wewe bado unanuka samaki?"

Basi Zilpah akakaa. Mwanzoni alikaa kwa huzuni, baadaye kwa heshima, mwishowe kwa sababu kuinuka kulikuwa kazi. Chai ya asubuhi ilifuatwa na ya saa nne. Miguu iliyozoea njia ya Oyugis ikavimba vifundoni. Alipotoka kanisani siku za Jumapili na kuupanda mteremko, kifua kilibana kama amefungwa kamba, na bega la kushoto likamuuma. Alisimama, kikaachia. Akapanda tena, kikabana. Hakumwambia mtu. Moyoni alijua ni nini: ile dawa iliyomchukua Nicanor ilikuwa imerudi kumaliza boma. Akawa anangoja.

Mwaka wa sitini na saba, akiwa njiani kurudi kutoka kanisani, alianguka. Cephas akaletewa habari, akaja na gari la kukodi, wakampeleka hospitali Homa Bay.

Aliyempokea alikuwa Mochama, Mgusii wa makamo, msaidizi wa daktari ambaye kila mtu alimwita daktari. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akabonyeza vifundo vya miguu na kuangalia jinsi kidole kilivyoacha shimo. Wakazungumza Kiswahili, kwa kuwa hakukuwa na lugha nyingine kati yao, na ilikuwa muda mrefu Zilpah hajakizungumza kwa mambo ya ndani.

"Imeanza lini, mama?"

"Mwaka jana. Lakini mimi najua ni nini. Ni ile iliyomuua mume wangu."

"Ile gani?"

Cephas akakohoa. "Daktari, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Ugonjwa nao unatoka nyumbani," Mochama alisema bila kumtazama. "Nieleze, mama. Alikufaje?"

Zilpah akaeleza. Akaeleza moto wa kifuani na maji ya magadi, jasho, uso wa majivu, mkono ulioshikwa na mkono. Akaeleza maziwa, na maneno yale ya mwisho. Mochama akasogeza kiti karibu.

"Kabla ya siku hiyo, mlima ulikuwa unamshinda?"

Zilpah alitaka kusema hapana. Kisha akamwona Nicanor katikati ya mteremko, mikono kiunoni, macho ziwani. Aliona jinsi mabega yake yalivyopanda na kushuka. Hakuwa anawaza kesi yoyote.

"Alikuwa anasimama njiani," alisema polepole. "Mwaka mzima, pengine zaidi."

"Na wewe, unasimama?"

"Nasimama."

"Wapi?"

"Pale pale," Zilpah alisema.

"Na wewe ni nani aliyekupa maziwa?"

Hapakuwa na mtu. Miaka mitatu hakuna mkono wa Mellen uliogusa hata maji ya boma lile.

"Mimi sikuwako, mama, na siwezi kuapa juu ya mtu ambaye sikumpima," Mochama alisema. "Lakini haya uliyonieleza nimeyaona kwa wengi, na hayaletwi na maziwa ya jirani. Ni moyo. Moyo unalishwa na mishipa midogo, na hiyo mishipa kadiri mtu anavyozeeka inaanza kuziba. Sigara inaiziba, mafuta yanaiziba, kukaa siku nzima kunasaidia kuiziba. Mtu akitulia hajisikii kitu. Akipanda mlima, moyo unaomba damu zaidi na hauipati. Ndiyo hiyo kamba unayoisikia."

Cephas alidakia kwamba basi mama atapumzika, hatashika hata kata ya maji.

"Amepumzika miaka mitatu," Mochama alisema, na hakuwa anatania. "Wiki hizi za kwanza, ndiyo, atulie, na hivi vidonge aweke chini ya ulimi kifua kikibana. Zamani tungemwambia alale mpaka mwisho. Siku hizi tunaona moyo ukilazwa sana nao unalegea kama mguu uliofungwa mbao. Akipata nguvu, atembee. Aanze mahali tambarare, bila mzigo, bila haraka. Kikibana asimame. Kesho atoke tena, aongeze kidogo. Na apunguze chumvi, mafuta, na hiyo sukari."

"Nitapona?" Zilpah akauliza.

"Kupona kabisa sikuahidi. Lakini unaweza kuishi nao vizuri, ukiuzoeza."

Alilazwa pale kwa muda. Wagonjwa wengine walidhani analia kwa sababu ya ugonjwa, kumbe alikuwa anamlilia Mellen.

Aliporudi nyumbani alianza. Siku ya kwanza alifika ghalani tu akarudi. Kisha akafika langoni, kisha kwenye uzio wa minyaa wa jirani, kisha kijitoni. Kulikuwa na siku kifua kilibana hatua chache tu kutoka mlangoni, akarudi ndani akaweka kidonge na kulala akitazama mabati. Kesho yake alitoka tena. Wiki zilipita. Siku moja aligundua amefika kijitoni na kurudi, na hakumbuki kusimama popote.

Lakini hakuna mtu katika kijiji kile aliyewahi kuona mwanamke akitembea bila kitu kichwani wala mahali anapokwenda. Mtu hutembea kwa shughuli. Anakwenda shambani, mtoni, sokoni, kwa mgonjwa. Anayekwenda mpaka kijitoni na kurudi mikono mitupu, tena alfajiri kabla jua halijawa kali, huyo anatafuta nini? Kwanza waliuliza kwa kucheka kama amepotelewa na mbuzi. Halafu kicheko kikaisha. Wajaluo wana neno lao kwa mtu anayezungukazunguka boma za watu saa zisizo za watu. Ni jajuok, mchawi, na neno hilo likaanza kutajwa kando ya jina lake. Mtoto mmoja wa jirani alipata homa, na Zilpah alipopita, mama wa mtoto alimwita mwanawe ndani, akafunga mlango.

Zilpah alisikia komeo likiingia mahali pake. Alisimama pale njiani, na hapo hakikuwa kifua kilichomsimamisha.

Cephas alikuja Jumamosi hiyo, uso umekunjamana. Habari zilikuwa zimefika mpaka ofisini.

"Mama, acha haya matembezi. Nimekuheshimu nikakuweka vizuri, na sasa watu wanasema mama yangu ni mchawi."

"Wanasema nilifanya nini?"

"Hawana la kusema. Ni maneno tu."

"Na Mama Gisiri, tulisema alifanya nini?"

Cephas akavuta kigoda, akakaa.

"Ulikuwa na masomo, Cephas. Mimi nilikuwa na miaka yote niliyokaa naye. Tukanyamaza wote wawili." Alisema bila kupandisha sauti. "Nipeleke kwake. Usiponipeleka nitakwenda mwenyewe, polepole, nikisimama njiani."

Walikwenda mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Basi liliwafikisha Migori, lingine likawasogeza upande wa mpaka, na kipande cha mwisho kilikuwa cha miguu, kupanda kati ya mashamba ya wimbi. Zilpah alipanda kama alivyofundishwa, bila haraka. Alisimama mara kadhaa, na Cephas akasimama naye akijipangusa jasho.

Mellen alikuwa anapura wimbi uani. Alikuwa amekonda, na nywele zimeingia mvi. Aliwatazama kwa muda kabla hajaweka chini fimbo ya kupuria.

"Karibu, Mama Cephas," alisema, kwa Kiswahili.

Akawaletea vigoda. Zilpah akauliza Walter yuko wapi, ili aseme mbele ya wote wawili lile alilokuja kulisema. Mellen akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba. Palikuwa na kaburi lenye mawe yaliyopangwa vizuri, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota katikati.

"Mvua za mwaka juzi," Mellen alisema. "Alikuwa analima, akaja akakaa hapo ulipokaa. Akasema kifua. Hatukumaliza hata kumvua shati."

Cephas aliinamisha kichwa. Mtu wao, mwana wa boma lao, amezikwa ugenini kwa wakwe kama mtu asiye na ukoo, na hakuna hata mmoja wao aliyetia udongo.

"Hukutuma habari," Zilpah alisema.

"Nimtume mtu aende kumwambia nani?"

Kuku walidonoa wimbi uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Kisha Zilpah akaeleza yote: mteremko, kuanguka, hospitali, maneno ya Mochama, komeo la jirani. Hakujitetea. "Niliinuka pale kwenye mkeka, Mama Gisiri," alisema. "Niliinuka, na wewe ulikuwa umekuja kunishika mkono."

Mellen alitazama mikono yake mwenyewe.

"Nimelala miaka minne nikijiuliza kama yale maziwa yalikuwa na kitu," alisema. "Kama kibuyu hakikuoshwa vizuri. Walter aliniambia niache, mimi sikuweza. Walipokufa wote wawili kwa njia moja, nikasema pengine kweli ni mimi, pengine nina mkosi bila kujua."

"Hapana. Ni damu yao. Walikuwa ndugu, na mioyo yao ilikuwa ya nyumba moja."

Mellen alilia wakati huo, kimya, bila kufunika uso. Zilpah alisogeza kigoda karibu. Hakuna aliyetaja neno msamaha. Walilala huko siku mbili, na siku ya kuondoka Mellen aliwasindikiza mpaka barabarani, lakini Zilpah alipomwomba arudi Kendu Bay alitikisa kichwa.

"Nimemzika hapa. Siwezi kumwacha peke yake kwa watu wasio wake. Gisiri akitaka shamba la baba yake, huyo ni wenu."

Waliporudi Kendu Bay, Zilpah aliomba wazee wa ukoo waitwe. Alisimama mbele yao, mjane mbele ya wanaume, Cephas akiwa kando yake, akawaambia kwamba Nicanor alikufa kwa moyo, Walter amekufa kwa moyo, na yeye mwenyewe moyo wake ni mgonjwa, na mwanamke waliyemfukuza hakuwa na kosa. Cephas akaeleza maneno ya hospitali kwa Kijaluo, na aliposema kwamba yeye pia alinyamaza siku ile, wengine waliangalia chini.

Mkubwa wa ukoo ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo hatuna wa kumlaumu?"

"Hatuna, baba," Zilpah alisema.

Hilo lilikuwa gumu kwao kuliko yote. Mtu akiwa na adui anajua pa kupeleka uchungu wake. Wengine walikubali siku ile, wengine walitoka wakitikisa vichwa, na wako walioingia kaburini bado wakiamini maziwa. Lakini wazee walituma watu wawili kwenda kulisalimia kaburi la Walter, na Gisiri alikuja akafyeka uwanja wa baba yake na kulima. Mellen alifika mara moja tu, wakati wa mavuno, akakaa wiki moja nyumbani kwa Zilpah. Komeo la jirani lilichelewa kufunguka kuliko mioyo ya wazee. Lakini mtoto alipona homa yake, na Zilpah aliendelea kupita kila asubuhi akiamkia, mpaka siku moja akaitikiwa.

Mwaka wa sitini na tisa Cephas alinunua gari. Aliliendesha mpaka chini ya mteremko, akapiga honi, akitaka mama yake ashuke aone. Zilpah alishuka, akalizunguka, akalisifu, akamshukuru Mungu. Kisha akamtazama mtoto wake alivyotoka nje, shati limembana tumboni, pakiti ya sigara mfukoni.

"Liache hapa," alimwambia. "Twende kwa miguu."

"Mama, nimechoka, nimetoka kazini."

"Najua. Twende."

Cephas alicheka kidogo, akafunga mlango wa gari, akaanza kupanda. Zilpah alimfuata nyuma kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Mbele yake mtoto wake alianza kuzungumza habari za ofisi, halafu sentensi zikawa fupi, halafu akanyamaza. Karibu na katikati ya mteremko alisimama, akaweka mikono kiunoni.

Zilpah akamfikia. Hakutazama ziwa. Alimshika mkono, akasimama karibu naye kabisa, akaisikiliza pumzi yake mpaka ilipotulia, ndipo wakaendelea.